Nasaha za Mwezi: Filamu ya Wanetu na Bango Lake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, zamani kazi ya kutengeneza filamu ilikuwa ya serikali na ya watu wenye mali. Tangu mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha kazi ya kupiga filamu za kuwafundisha watu wa Afrika Mashariki mambo ya kilimo, afya na mengineyo, kwa fedha zilizotoka Marekani. Wenyeji walionekana katika filamu zile, lakini wenye kuamua nini kionekane na nini kisionekane walikuwa wageni. Leo mtoto wa sekondari wa hapa Kasingirima ana simu mkononi, na kwa simu hiyo aweza kupiga picha, kuzikata, kuziunga na kuzipeleka mahali asipopajua. Uamuzi ule umekwisha kuingia mikononi mwa wanetu. Yatupasa basi tuwafundishe dhima yake.

Yaliyotufanya tuandike haya ni kazi ya wanafunzi sita wa shule moja ya sekondari ya mji wetu, ambao baadhi yao walisoma Kurani chuoni kwetu. Wametengeneza filamu ya dakika kumi na moja, ya namna ile inayoeleza mambo ya kweli, isiyo na mchezo wa kuigiza. Wametengeneza pia bango la kuitangaza, na kionjo, yaani kipande kifupi cha kuwavutia watazamaji. Walikusudia kuvipeleka vyote katika mashindano ya wanafunzi, wakatuomba tuvitazame na tuseme kweli. Tumevitazama mara tatu, na wenyewe wametupa ruhusa tuyaandike maoni yetu hapa ili na wengine wapate faida.

Filamu yenyewe yahusu kina mama wanaonunua dagaa mwaloni, wakawaanika na kuwauza. Ilipigwa mwaka 2024, katika miezi ambayo uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika, tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi nne zenye ziwa hili: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Basi chanja za kuanikia zaonekana tupu na mitumbwi imelala mchangani. Mama mmoja mjane, ambaye hatutamtaja jina, aeleza jinsi alivyoishi miezi mitatu ile kwa kuuza mihogo ya kuchemsha, na jinsi alivyozunguka kwa wadai wake mmoja mmoja kuwaomba wamngoje mpaka ziwa lifunguliwe. Wakamngoja. Na ziwa lilipofunguliwa akawalipa.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanajua kwamba wanavyuoni wetu hawakuipokea habari kwa uzuri wa maneno yake tu. Walitazama isnadi, yaani nani kaipokea kwa nani, kisha wakatazama matini, yaani habari yenyewe yasema nini. Nasi tumeona kwamba filamu ya namna hii nayo ni riwaya, kwa kuwa inamwambia mtu jambo ambalo hakuliona. Kwa hiyo tuliipima kwa mizani hiyo hiyo.

Katika isnadi tuliwasifu. Habari za mwaloni zimesemwa na watu wa mwaloni, kwa sauti zao, bila ya kukatizwa. Mahali pamoja tu palituzuia. Msimulizi asema kwamba wataalamu wametabiri kuwa samaki watakwisha. Tukauliza: wataalamu gani? Wakasema wamesikia hivyo. Basi hiyo ni riwaya isiyo na mwenyewe, na haifai. Iko habari yenye mwenyewe wangeweza kuitumia. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliosema kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uzazi wa ziwa hili. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba nyingi iko chini. Maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vema na ya chini, rutuba haipandi, vijimea vidogo hupungua, na vijidudu vinavyokula vijimea hivyo, ambavyo ndivyo chakula cha dagaa, hupungua navyo. Neno la kupungua kwa samaki si la kubuni, lakini ni kubwa, na neno kubwa lataka shahidi anayejulikana.

Katika matini tuliona kasoro moja. Chanja tupu zaonekana tangu dakika ya kwanza, lakini habari ya kwamba uvuvi umefungwa kwa amri haitajwi mpaka dakika ya saba. Mtazamaji wa Dodoma au wa Nairobi atakaa dakika sita akidhani ziwa limekwisha samaki. Hapana neno moja la uwongo lililosemwa hapo, na hata hivyo mtu ameambiwa uwongo. Tukawashauri waitaje tarehe mwanzoni kabisa. Wakakubali mara moja.

Tena palikuwa na jambo la sitara. Mama yule alipokuwa akizungumza uani kwake, binti yake alipita nyuma akiwa kichwa wazi kwa nguo za nyumbani, wala hakujua kuwa anapigwa picha. Uani ni mahali ambapo mgeni hubisha hodi, na mwenye kuingia na simu akawapeleka watu elfu ndani ya ua ule yampasa aombe ruhusa ya wote walio ndani. Kipande hicho wamekikata.

Kwa ujumla, filamu hii ni nzuri. Ina subira, ina adabu, na imetuonyesha heshima ya watu ambao sisi wenyewe twawapita kila siku tukienda sokoni. Lau wangalituletea hiyo peke yake tungaliwapa mkono na kuwaombea dua.

Lakini tulipolifunua bango tulinyamaza. Juu yake iko picha ya mama yule yule, kainamisha uso, ana sinia tupu magotini, na maneno makubwa mekundu: ZIWA LIMEKUFA. Chini, kwa herufi ndogo: Mama Asiye na Chakula. Katika kionjo mama aonekana akifuta machozi huku muziki wa huzuni ukilia. Sisi tulikwisha kuitazama filamu, twajua kwamba machozi yale yaliletwa na moshi wa jiko, na kwamba mara tu baada ya kuyafuta mama alicheka na kuwatania vijana kwa kusimama upande wa moshi.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamwuliza mwenye nafaka, naye akajibu kuwa imenyeshewa mvua. Mtume akamhoji kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akatamka ya kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Tazameni, wanetu: mtu yule hakuwa na nafaka mbaya yote. Kosa lake lilikuwa kwamba juu pamesema jambo na ndani pana jambo jingine. Na bango ndilo lile juu la rundo. Ndilo linaloonwa na watu wengi zaidi, kwani katika watu mia watakaoliona, huenda kumi tu wakaja kuitazama filamu. Wale tisini watabaki na bango maisha yao yote.

Ni nani atakayedhurika? Mama huyu huchukua dagaa kwa kuaminiwa, akauza, ndipo akalipa. Mtaji wake ni jina lake. Bango lile likienea katika simu za watu wa Kibirizi na Mwanga, mwenye dagaa atajiuliza kama ni salama kumkopesha mtu asiye na chakula. Filamu imemweleza kuwa ni mwanamke aliyelipa deni lake baada ya miezi mitatu ya dhiki. Bango limemweleza kuwa ni ombaomba. Tukawauliza vijana: amelionaje? Wakasema hawajamwonyesha.

Mmoja wao, kijana mwenye akili na anayeipenda kazi hii, alitujibu kwa adabu: Maalimu, bango la kweli haliiti watu. Jibu hili si la kudharauliwa, na twapenda tulijibu kwa mfano mkubwa kuliko wetu.

Mwaka 2004 ilitolewa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, kazi ya Hubert Sauper wa Austria. Ilipigwa Mwanza, katika Ziwa Viktoria, nayo yaeleza biashara ya minofu ya sangara inayopelekwa Ulaya kwa ndege, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki huku, na umaskini wa watu walio kando ya utajiri ule. Ilisifiwa sana, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu zilizogombea tuzo ya Oscar. Bango lake liliunganisha mifupa ya samaki na bunduki. Ndani ya filamu habari ya silaha imo katika mazungumzo ya waliohojiwa, lakini mtazamaji haoni silaha zikishushwa Mwanza. Basi bango liliita watu, hatukatai. Lakini kilichofuata ni nini? Mwaka ule ule wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu ile, na nchi nzima ikabishana juu ya bunduki, na juu ya mapanki kama ni chakula cha watu au cha kuku. Swali la maana, kwamba mvuvi na mchakataji wapata nini katika utajiri wa ziwa lao, likazama ndani ya kelele. Na baadhi ya Watanzania waliozungumza katika filamu hiyo walipata misukosuko hapa nyumbani, hali mwenye filamu alikuwa kwao Ulaya.

Wala mwenye kulaumu hana ruhusa ya kusema bila ya ushahidi. Mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, aliishambulia filamu ile kwa maandishi; mtengenezaji akamshitaki kuwa amemvunjia heshima, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani. Basi mwenye kupiga picha atake ushahidi, na mwenye kuzipima picha naye atake ushahidi. Suratul-Hujurat imetuagiza sote kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwayo.

Pengine kijana atasema kwamba bango hili ni dogo, litasahauliwa baada ya mashindano. Na ajue kwamba picha haifi upesi. Hapo jirani yetu Gombe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Hugo van Lawick alipiga picha za filamu za kazi ya Jane Goodall na sokwe. Zaidi ya saa mia za picha zile ziliwekwa ghalani Marekani, zikapatikana tena mwaka 2014, na mwaka 2017 zikatolewa katika filamu mpya iitwayo Jane, zikaonwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipopigwa. Ikiwa picha za zama zile, zilizofungwa ghalani, zilifufuka baada ya miaka hamsini, itakuwaje picha iliyomo katika simu za watu elfu? Wajukuu wa mama yule wataikuta.

Ushauri wetu kwa wanafunzi wale ulikuwa huu. Waende kwa mama, wote sita, wamwonyeshe filamu nzima, kionjo na bango. Wamwache achague mwenyewe picha atakayopenda kuonekana nayo. Wakate machozi ya moshi, au wayaonyeshe pamoja na kicheko chake. Na mahali pa maneno mekundu waandike: Miezi Mitatu Bila Dagaa, na chini yake, Kigoma, 2024. Twasadiki kuwa jina hilo litaita watu zaidi, kwani msomaji ataona haja ya kuuliza waliishije miezi hiyo mitatu. Lile la kwanza lamwambia kuwa mambo yamekwisha, na mambo yakiisha mtu huenda zake.

Wanne wamekubali na wamekwisha kwenda. Mama alichagua picha aliyosimama kando ya chanja, kashika ungo, kajifunga ushungi vizuri. Wawili wangali wasema kwamba bango la kwanza lingewapa ushindi. Hatukuwakaripia, kwa sababu huenda ni kweli kwamba lingewapa. Tuliwaambia tu kwamba mashindano yana siku yake, na baada ya siku hiyo watapita tena mwaloni, na mama yule atakuwapo.

Nanyi wazazi, msidhani kuwa mambo haya ni ya vijana peke yao. Mtoto anapopiga picha ya jirani, mwulizeni maswali matatu: aliyepigwa anajua? Maneno uliyoyaandika chini yake ni ya kweli? Angekuwa ni mama yako, ungeipeleka? Na waalimu wa shuleni wawasaidie watoto katika mambo ya vibali, kwani tangu mwaka 1976 nchi yetu ina sheria ya filamu, na mtoto hawezi kuijua asipoambiwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wanetu macho ya kuona ukweli na ulimi wa kuusema, na awafungulie riziki kina mama wa mwaloni. Wabillahi taufiki.