TUSICHEKE WATU WA KAMBI



Siku ya Posho iliyopita, kisha maombi ya magaribi, muchungaji alitupatia habari. Katika vakansi kubwa, vijana Wakristo kutoka Marekani watakuja kukaa nasi wiki sita. Watajenga pamoja nasi vyumba viwili vya masomo nyuma ya kapela. Akaeleza tena kama mbele ya kupanda ndege, wataingia kwanza katika kambi. Humo watalala ndani ya hema, wataoga na ndoo moja ya maji, watafua nguo na mikono, watajifunza kuchanganya simenti na kupanga matofali.

Pale pale watu wakacheka. Usiku, katika dortwari, kicheko kikaendelea: “Eh! Wazungu wanatoa makuta ili wafundishwe kuoga na ndoo! Watuite sisi, tuwe maprofesa wao!” Tuseme kweli: sisi makapita pia tulicheka. Lakini kisha kufikiri vizuri, tumeona kama kicheko kile ni cha bure, na leo tunataka kueleza sababu.

Kambi za namna hii si jambo la jana. Kwa mufano, huko Merritt Island, jimbo la Florida, shirika la Teen Missions lilianza kuwatayarisha vijana tangu miaka ya 1970. Asubuhi mapema wanakimbia mbio ya vizuizi, kundi kwa kundi. Wanapanda ukuta, wanashika kamba kuvuka matope, wanapanga masanduku yenye majina ya vitabu vya Biblia kufuata utaratibu wake. Mwenye nguvu hawezi kukimbia peke yake na kumuacha muzaifu nyuma. Kisha mbio, ni masomo na kazi ya mikono.

Mutu atauliza: matope ya Florida yatamufundisha nini juu ya Congo? Jibu letu ni hili. Mutu aliyezoea robine na mashine ya kufua, ukimuweka gafula mahali pa kuteka maji mutoni, wiki ya kwanza yote atafikiri juu ya mwili wake tu: maji ni baridi, musalani ni mbali, kitanda ni kigumu. Hana nafasi ya kumuangalia mutu mwingine. Heri anungunike kule kwao katika hema, mpaka manunguniko yaishe, kisha aje kwetu na macho ya kutuona. Hiyo ndiyo faida ya ndoo.

Hata katika Biblia, safari bila matayarisho ilileta shida. Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 13. Kanisa la Antiokia lilifunga chakula na kuomba mbele ya kuwatuma Barnaba na Saulo. Lakini Yoane Marko, kijana aliyewafuata, walipofika Perga aliwaacha akarudia Yerusalema. Paulo hakusahau upesi. Kwa sababu ya kijana yule yeye na Barnaba walitengana. Nyuma Marko alikuwa mutumishi wa kufaa sana, na Paulo mwenyewe alimuita. Basi Mungu anaweza kumutengeneza mutu aliyerudi nyuma, lakini tunafikiri ni heri kutengenezwa mbele ya safari.

Tusiende mbali, hapa kwetu tuko na mufano mukubwa. Wazee wa Nebobongo na wa Nyankunde wanajua jina la Dokta Helen Roseveare. Alikuwa Mwingereza, alisomea unganga Cambridge, akafika Congo mwaka 1953 na misioni ya WEC. Mbele ya kuja, katika nyumba ya misioni kule Uingereza, walimupatia kazi gani? Kusugua sakafu ya vyoo! Dokta mwenye diploma, na brosi mukononi, na wengine wanapita na viatu vya matope pahali alipokwisha kusafisha. Yeye mwenyewe alilisimulia. Kisha akapita Ubelgiji kujifunza Kifaransa na magonjwa ya inchi za joto. Ile ndiyo ilikuwa kambi yake.

Faida yake ilionekana huku. Nebobongo hakukuwa hospitali ya kufaa, ikapasa kuchoma matofali. Dokta alifanya ile kazi pamoja na watu mpaka vidole vikatoka damu, na kwa vidole vile vile alipaswa kupasua wagonjwa. Alisikitika sana. Lakini ndugu mumoja Mukongomani akamuelezea kama anapovaa koti nyeupe na kusema Kifaransa, watu wanamuogopa tu. Pale kwenye tanuru, mikono yake ikiwa migumu kama yao, na akikosea lugha yao mpaka wote wanacheka, hapo ndipo wanamupenda na kumusadiki. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, alikamatwa na kuteswa vikali. Hata hivi alirudi mwaka 1966, akafundisha wanganga Nyankunde mpaka 1973. Alikufa kwao mwaka 2016. Tunauliza: kama asingejifunza kusugua choo kule, angeweza kuchoma matofali huku?

Sasa tusikie neno la wale wanaopinga. Rafiki mumoja wa darasa la tano anasema: “Makuta ya tikiti za ndege zile zote, wangetutumia tu, tungejenga vyumba vinne pahali pa viwili.” Neno lake si la upumbavu. Sisi tunajua kuchoma matofali na kuyapanga, mafundi wako hapa. Kama wageni wanakuja juu ya matofali tu, ni hasara. Kwa hiyo tunasema kambi yao isifundishe simenti tu. Iwafundishe kusalimia wazee mbele ya kuanza kazi. Iwafundishe kula kile wanachopewa bila kukunja uso. Iwafundishe kumuuliza fundi wa huku namna anavyofanya, hata kama kule kwao walionyeshwa namna ingine. Na iwafundishe kutopiga picha ya kila mutoto mwenye nguo ya kupasuka. Mutu akijifunza haya, tikiti yake haikupotea. Asipojifunza, hata angekuja na meli mbili za simenti, atarudi kama alivyokuja.

Lakini, wandugu, sisi je? Hapa ndipo neno letu linapouma.

Tukumbuke wageni waliokuja miaka miwili iliyopita. Siku ya kwanza tulibeba matofali pamoja nao. Siku ya tatu wengi wetu tulikuwa tunakaa chini ya muembe, tunaangalia. Tulisema: “Waache, wamekuja kututumikia.” Dada mumoja mugeni alipanga mustari wa matofali ukapinda, tukacheka, hakuna aliyemuonyesha namna ya kufunga uzi. Na siku ya kuachana ilikuwa haya kabisa. Huyu anaomba saa, yule anaomba viatu, mwingine anaandika adresi ili atumiwe diksionere. Kijana mumoja alipanda gari miguu tupu. Alikuwa anacheka, lakini sisi tuliokuwa karibu na gari tuliona macho yake. Hatusemi majina, juu wengine kati yetu tunaoandika tulikuwa na mikono mbele vilevile.

Kumbe wale walikuwa wametayarishwa, sisi hatukutayarishwa. Kupokea mugeni ni kazi sawa na kutumwa, na iko na mafundisho yake. Kambi ya Florida ni nusu tu. Nusu ya pili iko hapa kwenye kapela, na walimu wake ni sisi.

Tena, kila mumoja wetu wa darasa la sita anaota kwenda ng'ambo. Ukimuuliza atafanya nini kule, anasema: “Mungu akipenda, nitahubiri.” Vizuri. Lakini kapela ikifagiwa, hayuko. Apolo Kivebulaya, Muganda, alifika Mboga mwaka 1896. Hakuvuka bahari, lakini alitoka kwao, akawahubiri hata watu wa pori, akafa huko Mboga mwaka 1933. Mutu asiyeweza kumutumikia mwenzake wa dortwari, hata akifika Kanada au Ubelgiji, atatumikia nani?

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe na muchungaji watuachie wiki moja kisha egzame, mbele wageni hawajafika. Iwe kambi yetu. Tuamuke saa kumi na moja asubuhi, tuombe, tubebe matofali yote mpaka nyuma ya kapela, ili wageni wayakute pale. Wa darasa la sita wasafishe vyoo, na wa darasa la kwanza wawaangalie. Mwalimu wa Kiingereza atufundishe salamu zao, na sisi tutayarishe masomo matatu ya Kiswahili kwa ajili yao. Na tupatane wote kitu kimoja: siku ya kuachana, hakuna mutu wa kuomba viatu. Afazali sisi tuwape kitu, hata kama ni kikapo cha karanga.

Sisi makapita wa darasa la sita tutaanza na vyoo vya upande wa mupira, vile ambavyo kila mutu anavikimbia. Anayetaka kucheka aje acheke pale pale, brosi ingine iko.

Anayepinga neno letu, aandike. Ukurasa uko wazi. Mungu awabariki katika egzame.