Kusaka Hazina Ulva, Kisiwa cha Babu yake Livingstone

Waskoti na jirani zao Waingereza wana mchezo mmoja wanaoupenda sana siku za mapumziko. Unapewa karatasi yenye vidokezo, unavaa viatu vya matope, unaanza kutembea. Kidokezo kinakutuma kwenye kaburi fulani usome mwaka. Kingine kinakutuma kanisani uhesabu madirisha. Ukiunganisha majibu yote unapata neno la siri, na ukilipata neno umeipata hazina, ambayo mara nyingi ni pipi za watoto au cheti cha karatasi. Wanaita kusaka hazina.

Mimi naupenda. Najua kuna wasomi wataniona mtoto, lakini niambieni: ni njia gani nyingine inayomfanya kijana wa miaka kumi na nne asimame mbele ya jiwe la kaburi kwa dakika tano na kulisoma kwa hiari yake? Makumbusho imeshindwa. Mwalimu wa historia ndio kabisa, wengi wetu tuliambiwa tukariri tarehe.

Ila nina ugomvi na wanaotunga vidokezo. Nitautaja ugomvi wangu kwa kutumia kisiwa kimoja kidogo, Ulva, kilichoko pwani ya magharibi ya Uskoti, kimejibanza ubavuni mwa kisiwa kikubwa cha Mull. Kama ungetafuta mahali pazuri pa mchezo huu duniani kote, ungeanzia hapo. Hata kuvuka ni mchezo. Upande wa Mull, gatini, kuna kibao cheupe. Unakisogeza, rangi nyekundu inajitokeza, mwenye boti anaiona kutoka ng'ambo na anakuja kukuchukua. Maji yenyewe ni membamba, dakika chache umefika. Barabara ya lami hakuna, gari lako unaliacha Mull. Unatembea.

Sasa tazama mchezo wa kawaida ungekupeleka wapi. Ungekupeleka kwenye nyumba ya Sheila, kibanda kilichoezekwa kwa nyasi, alikoishi mtumishi mmoja mkamua maziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ungekupeleka kwenye kanisa jeupe lililojengwa mwaka 1828 kwa ramani ya Thomas Telford, yule mhandisi wa madaraja. Ungekuuliza jina la kisiwa lina maana gani, ujibu mbwa mwitu, kwa lugha ya Wanorwe wa kale waliotawala visiwa hivi. Halafu chaza, kikombe cha chai, picha, kwaheri.

Vyote hivyo ni kweli na vinapendeza. Lakini jamani, mbona watu hawamo?

Mwaka 1837 Ulva ilikuwa na watu takriban 600, katika vijiji 16. Walikuwa wanalima viazi, wanafuga ng'ombe wachache, na wanachoma mwani. Wazanzibari mtanielewa haraka: mwani ulikuwa biashara. Waliuvuna kwenye maji ya baridi kali, wakaukausha, wakauchoma, na majivu yake yakauzwa kwa viwanda vya sabuni na vioo. Faida kubwa ilikwenda kwa mwenye ardhi, mgongo ulioumia ni wa mpangaji. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, malighafi ya bei nafuu ikaanza kuingia kutoka nje na bei ya mwani ikaporomoka. Mwaka 1835 kisiwa kilinunuliwa na mwanasheria wa mjini Stirling aitwaye Francis William Clark. Mwaka 1846 ugonjwa ukaoza viazi. Watu waliokuwa wakimletea Clark kodi wakageuka kuwa watu wa kulishwa, na Clark akapiga hesabu akaona kondoo ana faida zaidi.

Akawaondoa. Katika muda wa miaka michache tu watu wakapungua kutoka takriban 500 hadi takriban 150. Na hii si siri iliyofukuliwa juzi. Mwaka 1851 serikali ilipomtuma Sir John McNeill kuchunguza hali ya maeneo yale, Clark mwenyewe alieleza aliyoyafanya kama mtu anayeeleza namna alivyofyeka shamba. Wengi walipanda meli kwenda ng'ambo, wengine wakaishia mijini. Wale wasiojiweza walisogezwa kwenye safu ya vibanda kando ya bahari, na mahali pale hadi leo panaitwa safu ya njaa. Fikiria jina kama hilo kwenye ramani ya matembezi ya familia.

Ndiyo maana ukitembea Ulva leo, hasa upande wa kusini, unakutana na kuta za mawe bila paa, moja baada ya nyingine, magugu yamefika kiunoni. Ormaig. Cragaig. Majina yamebaki, milango ipo, jiwe la kusagia unaweza kulikuta. Hakuna wa kukukaribisha.

Kuna hoja dhidi yangu na si ya kipuuzi. Wapo wasemao kwamba kuyafanya magofu haya kuwa mchezo ni kuyadhihaki. Kwamba pahali walipolia watu hapachezewi. Nawaheshimu, lakini siwakubali. Anayepita gofu bila kujua ni gofu la nini ameshalidhihaki tayari, tena bila kukusudia. Mtoto aliyeambiwa "hesabu nyumba zisizo na paa hapa Ormaig, halafu toa idadi ya nyumba zinazotoa moshi" amefanya hesabu ya kutoa ambayo haitamtoka kichwani. Hamjamhubiria. Jibu amelitafuta kwa miguu yake.

Na lugha! Watu wa Ulva walikuwa wakisema Kigaeli. Majina ya vilima, ghuba na visima vya kisiwa ni Kigaeli kilichochanganyika na Kinorwe. Mchezo wa kusaka hazina unaokuuliza kila kitu kwa Kiingereza tu, mahali ambapo Kiingereza ndicho kilichokuja na hati za kufukuza watu, una kasoro. Sisemi mtalii ajifunze lugha kwa siku moja. Nasema kidokezo kimoja kimlazimishe atamke jina la kijiji, na kufahamu maana yake kabla hajaruhusiwa kwenda mbele.

Tuje kwa jamaa yetu. Katika pwani ya kusini kuna pango liitwalo pango la Livingstone. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta humo rundo la makombe na mabaki ya watu walioishi zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Jina, hata hivyo, ni la ukoo wa David Livingstone, yuleyule wa Ujiji. Babu yake alikuwa mkulima wa Ulva, na inasimuliwa kwamba aliishi pangoni wakati akijenga nyumba yake. Mwaka 1792 ukoo ukahamia Blantyre, kwenye kiwanda cha pamba, na huko David akazaliwa mwaka 1813 na kuanza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi. Alikuja kukitembelea kisiwa cha babu mwaka 1864. Nyumba akaikuta gofu.

Shuleni nani alitwambia hayo? Tuliambiwa mzungu aliyetoka kwenye mwanga kuja gizani. Kumbe ni mjukuu wa mpangaji maskini. Kidokezo ninachokitaka mimi mbele ya pango lile kingeuliza: mjukuu wa mtu wa hapa alifia mbali, ni akina nani waliombeba? Jibu ni Susi na Chuma pamoja na wenzao. Livingstone alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Majina yao yawekwe Ulva. Wanastahili hata kidokezo kimoja.

Wala nisionekane napaka mafuta waliodhulumiwa. Mwana mwingine wa Ulva ni Lachlan Macquarie, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1762 na kuwa gavana wa New South Wales kuanzia 1810 hadi 1821. Kaburini kwake, kisiwani Mull, ameitwa baba wa Australia. Mwaka 1816 huyo baba aliagiza wanajeshi dhidi ya wenyeji weusi wa nchi ile, na huko Appin wakauawa watu wasiopungua 14. Wangapi wanaopiga picha na jina la Macquarie wanalijua hilo? Kidokezo hicho kingenuna, najua. Kiwekwe tu, mwishoni mwa safari, kabla ya chai.

Kinachonipa matumaini ni kwamba mwenye kisiwa amebadilika. Mwaka 2018 jamii ya kaskazini magharibi mwa Mull, kwa kutumia sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003, iliinunua Ulva kwa takriban pauni milioni 4.65, nyingi zikitoka mfuko wa umma wa ardhi. Wakati ule waliokuwa wakiishi kisiwani hawakuzidi vidole vya mikono miwili. Tangu hapo nyumba zimekuwa zikikarabatiwa ili familia zihamie, na kazi hiyo inakwenda polepole, kwa paa moja moja. Kwa hiyo anayetunga vidokezo vya Ulva aache kuandika majibu kwa wino usiofutika. Ile hesabu ya moshi inabidi irudiwe kila mwaka.