Risala ya Wahandisi wa Kitanzania Waishio Ontario kwa Mheshimiwa Balozi

Mheshimiwa Balozi,
Waheshimiwa maofisa wa Ubalozi,
Ndugu zetu mliofika,

Tunakushukuru kwa kukubali kutoka Ottawa kuja kutusikiliza. Kwa desturi ya risala, hapa ilitupasa tumwage sifa kwa aya mbili tatu. Utatuwia radhi tukizikata. Ukumbi huu tumeukodi kwa saa, na tuliyokuja nayo ni mengi.

Sisi ni wahandisi wa ujenzi, umeme, mitambo na maji, pamoja na wachache wa madini. Tulisoma Mlimani, Mbeya, DIT na Arusha, na tulifanya kazi nyumbani kabla ya kuhamia jimbo hili. Baadhi yetu tulikwisha sajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, tukala na kiapo mbele ya hadhara kwenye Siku ya Wahandisi. Leo wengi wetu tunabeba boksi kwenye maghala ya Brampton na Mississauga, tunaendesha teksi za mtandaoni, au tunakesha mapokezi ya majengo tukiwa na redio ya ulinzi kiunoni. Kazi hizo zinalipa kodi ya nyumba na hatuzidharau. Wengine wamepata ufundi sanifu: wanachora, wanapima zege, wanahesabu nondo, na kazi yao inasainiwa na mtu mwingine.

Wapo watakaosema tulijitakia. Ni kweli, hakuna aliyetusukuma kupanda ndege, ila tuliingia kwa kuchaguliwa. Tangu Januari 2015 Kanada huchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa mfumo wa pointi uitwao Express Entry. Shahada zetu zilikaguliwa na zikaonekana kulingana na za hapa. Mwombaji asiye na mwenza hupata pointi 120 kwa shahada ya kwanza peke yake. Hata miaka ya kazi tuliyofanya Tanzania ilihesabiwa. Ukishatua hapa, hesabu hiyo haikusaidii tena. Pointi zilitolewa na serikali kuu, lakini leseni ya uhandisi iko chini ya jimbo. Kwa Ontario chombo chenyewe ni Professional Engineers Ontario, PEO, kilichoundwa mwaka 1922. Faili lililokuingiza nchini silo linalosomwa PEO, kwa hiyo unaanza upya tangu cheti cha kwanza. Bila leseni hiyo huruhusiwi kujiita mhandisi wala kupiga muhuri mchoro. Unaruhusiwa kufanya kazi chini ya mwenye leseni anayebeba dhamana, kama utampata wa kukuajiri.

Upande wa Kanada, tuseme haki, sheria imesogea. Kwa miaka mingi PEO ilitaka miezi 48 ya uzoefu, na kati ya hiyo 12 iwe ya hapahapa Kanada chini ya mhandisi mwenye leseni ya hapa. Kazi hupewi kwa kuwa huna uzoefu wa Kanada, na uzoefu wa Kanada huupati kwa kuwa huna kazi. Watu walizeeka kwenye mzunguko huo. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka kwamba sharti la namna hiyo ni ubaguzi kwa sura yake. Mwaka 2021 bunge la jimbo likatunga sheria ya kuvizuia vyombo vya taaluma kudai uzoefu huo, na Mei 2023 PEO ikawa ya kwanza kuliondoa sharti lenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuliandika hata kwenye tangazo la kazi.

Haruhusiwi kuliandika. Ndani ya chumba cha usaili swali linarudi kwa nguo nyingine: umewahi kusanifu kwa kutumia CSA A23.3? Hicho ni kiwango cha Kanada cha usanifu wa zege, na wengi wetu tulilelewa na BS 8110 ya Waingereza. Swali lenyewe lina haki yake kiasi. Msingi wa nyumba Toronto hushushwa kama mita 1.2 ili kuukwepa udongo unaoganda, na Dodoma hakuna anayehesabu uzito wa theluji juu ya paa. Lakini mtu aliyejenga juu ya udongo wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hahitaji kufundishwa kwamba ardhi husogea. Kilichobaki kwake ni kukisoma kiwango kipya, na kiwango ni kitabu, kinasomeka. Tatizo ni kwamba usaili wa dakika arobaini haumpi mtu nafasi ya kuonyesha hilo, hasa anapokaa mbele ya watu waliovaa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho. Wahitimu wa uhandisi wa Kanada wamekuwa wakivishwa pete hiyo tangu 1925, nao hutambuana kwayo kabla hata ya salamu.

Hayo tutayapigania hapahapa sisi wenyewe, na wale waliokwisha chukua uraia watayapigania kwa kura. (Suala la uraia pacha tumeliacha kwa makusudi, lina risala yake.) Hatukukuita, Mheshimiwa Balozi, ili ukawabembeleze Wakanada. Tumekuita kwa sababu, tangu sharti la uzoefu wa Kanada liondoke, kinachowakwamisha wengi wetu kiko nyumbani, kwenye ofisi za Serikali unayoiwakilisha.

Tuanze na vyeti. Anayekagua shahada hapa hataki transkripti uliyoibeba mwenyewe. Anataka itoke chuoni moja kwa moja, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri au kwa njia ya mtandao iliyo salama. Akitaka zaidi, ataomba maelezo ya kila somo: mada, saa za mihadhara, saa za maabara. Chuo kimoja cha umma, ambacho hatutakitaja mbele ya wageni, humjibu mhitimu aliyeko ughaibuni kwamba afike mwenyewe. Kwa hiyo unatafuta ndugu wa kufuatilia. Ndugu anaomba ruhusa kazini, anapanda daladala, anaambiwa mhusika yuko semina, aje wiki ijayo. Silabasi ya mwaka uliosoma haionekani. Iliyopo ni ya sasa, ambayo masomo yake yana majina mengine na namba nyingine. Mwenye ndugu mwenye moyo anafanikiwa. Ambaye wazazi wake wako Kibondo na hana mtu Dar es Salaam, muda wa maombi unampita.

La pili ndilo linalotuuma zaidi. Siku hizi PEO haikupimi kwa kuhesabu miaka tu. Inakutaka ueleze, kwa mifano ya kazi ulizofanya kwa mikono yako, namna ulivyofikia umahiri wa aina 34: usanifu, usalama, kuongoza mradi, kuwasiliana, maadili, na mengine. Kisha kila maelezo yathibitishwe na mtu aliyekusimamia au anayeijua kazi yako. Kwa maoni yetu ni utaratibu mzuri kuliko ule wa zamani, kwa kuwa unampa nafasi mtu aliyefanya kazi Tanzania aieleze kazi yake. Na kazi tunazo! Miaka kumi hii nchi yetu imejenga kuliko wakati wowote tunaoukumbuka: Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, reli ya SGR, Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kijana aliyekaa miaka mitatu kwenye mojawapo ya kazi hizo ameona mambo ambayo mhandisi wa umri wake mjini London, Ontario, anayasoma vitabuni.

Nani atathibitisha? Msimamizi wake alikuwa wa mkandarasi wa Kituruki, Kimisri au Kichina. Mradi ulipokwisha alirudi kwao, na anwani ya barua pepe ya mradi ilikufa na mradi. Mhandisi wa upande wa Serikali amestaafu, yuko shambani Singida. Akitumiwa kiungo kutoka Kanada kinachomtaka ajaze jina na cheo chake, anaona ni matapeli wa mtandaoni, na kwa mambo yanayotokea siku hizi hatuwezi kumlaumu. Aliyebaki ofisini anasema hana mamlaka ya kumsemea mtu aliyeacha kazi. Hivyo miaka ya jasho kwenye mradi mkubwa kuliko yote nchini inakuwa haina shahidi, wakati aliyefanya kazi ndogo kwa mhandisi mshauri anayejibu barua pepe zake anapita.

Jambo linalotushangaza ni kwamba ushahidi upo. Wengi wetu tulipitia SEAP, mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu ambayo ERB huyasimamia kwa wahitimu wapya. Tulijaza daftari la kazi, tukaandika ripoti, msimamizi akasaini. Kumbukumbu hizo zinahesabu kazi yetu kwa undani kuliko barua yoyote ambayo mzee wa Singida angeandika leo kwa kukumbukakumbuka.

Kuna dada zetu wahandisi ambao mzigo wao ni mzito zaidi. Walifika na watoto wadogo, mume akatangulia kutafuta leseni, wao wakabaki na malezi kwa kuwa gharama ya kulelewa mtoto hapa inameza mshahara wa ghala. Wanapopata nafasi ya kuanza, wasimamizi wao wa zamani wameshatawanyika kabisa. Kila tunachoomba hapa chini kinawahusu wao kwanza.

Sasa madai yetu.

Tunataka Ubalozi uwaandikie wakuu wa vyuo vikuu vya umma vinavyofundisha uhandisi, kupitia Wizara ya Elimu, ili vitume transkripti na silabasi za miaka iliyopita moja kwa moja kwa wakaguzi wa nje kwa njia ya mtandao, kwa ada inayojulikana na kwa muda uliotangazwa. Tuko tayari kulipa ada hiyo. Nauli ya ndugu wa kufuatilia inatugharimu zaidi.

Tunataka ERB iruhusu mhandisi kuomba nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu zake za SEAP na barua ya hadhi yake ya usajili, zitumwe na Bodi yenyewe kwa chombo cha leseni cha nchi aliko. Tunataka pia wizara na wakala wa Serikali zinazomiliki miradi mikubwa ziwe na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kuthibitisha, kwa kumbukumbu za mradi, kwamba fulani alifanya kazi fulani katika kipindi fulani. Katika yote, hili la ofisa ndilo tungependa lianze. Halihitaji sheria mpya wala bajeti ya maana. Linahitaji waraka mmoja na mtu wa kujibu barua pepe.

Lipo suala la Washington Accord, makubaliano ya mwaka 1989 ambayo kwayo nchi hutambua kwamba shahada za uhandisi zilizokaguliwa na wenzao zina uzito sawa na za kwao. Kanada ilikuwamo tangu mwanzo. Afrika Kusini imo tangu 1999. Tanzania haijawa mwanachama kamili, na kufika huko huchukua miaka, kwa sababu wakaguzi wa nje huja kuangalia namna tunavyokagua vyuo vyetu wenyewe. Tusidanganyane: makubaliano haya hayampi mtu leseni, sembuse kazi, na sisi tuliokwisha hitimu hayatatufaa sana, maana hayarudi nyuma kuhesabu shahada za zamani. Tunawaombea vijana walioko darasani leo. Tunataka Serikali itangaze ratiba, yenye mwaka, ya kuufikia uanachama kamili.

Na kwa Ubalozi wenyewe, ombi ni dogo. Mteue ofisa mmoja wa kushughulikia wataalamu wenye leseni, si wahandisi peke yao, kwani wauguzi na walimu wana kilio kinachofanana na chetu. Sisi tutakukabidhi orodha ya Watanzania waliokwisha pata leseni Ontario na waliokubali kuwasimamia wapya. Wenzetu hao wamekubali pia kuketi na mtu jioni na kumpitisha kwenye ule umahiri wa aina 34, mmoja baada ya mwingine, bila malipo.

Hatukuleta bakuli, Mheshimiwa Balozi. Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai, yakionyesha lililokubaliwa, lililokataliwa na sababu yake, na ofisi inayohusika na kila moja, kabla ya mkutano wetu wa mwezi Desemba. Nakala ya risala hii tumekwisha ipeleka ERB na kwa makatibu wakuu wa wizara zinazohusika, ili isije ikasemekana haikufika.

Tunaomba kuwasilisha.