Kisu Kimehamia Hospitali, Mafundisho Je?

Mwaka 1962 serikali yetu iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Majina hayo mawili yalistahili kukaa pamoja, kwani utamaduni usiofika kwa vijana ni ngoma isiyo na mchezaji.

Kwa Wanyaturu na Wagogo wa mkoa wa Singida, jando halikuwa kisu tu. Mvulana alitahiriwa, kisha wakubwa wake wakamfundisha habari za mwili wake, za unyumba, na za wajibu wa mwanamume. Leo wengi hutahiriwa hospitalini. Jambo hilo ni jema: kidonda ni safi, na tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Lakini kisu tumekipeleka hospitali, mafundisho tukayaacha porini.

Wako wasemao kwamba kumweleza mvulana habari za uzazi ni kumfunza uhuni, tena ni desturi ya kigeni. Twawauliza: je, wazee waliokuwa wakiyasema hayo jandoni walikuwa wageni? Lililo geni ni huu ukimya wetu. Mvulana anyimwaye maneno na baba yake huyaokota machungani, mnadani na katika picha za simu.

Tazameni zahanati zetu, kutoka Manyoni hadi Iramba. Mlango wa afya ya uzazi tumezoea kuuita kliniki ya mama na mtoto. Kijana wa miaka 16 si mama, wala si mtoto. Akiwa na ugonjwa wa siri, au akiwa na swali tu, aingie mlango upi? Mwaka 2019 Bunge lilimruhusu kijana wa miaka 15 kupima virusi vya UKIMWI pasipo idhini ya mzazi. Sheria imemfungulia, aibu yetu ndiyo imfungiayo. Hatimaye msichana hushika mimba, na lawama zote akabebeshwa yeye.

Hatusemi jando lirudi zima zima. Yale yaliyomfunza mvulana kumdharau mwanamke na yazikwe. Twasema walimu wayanene haya darasani pasipo kicheko wala vitisho, na waganga wawatengee vijana saa yao.

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi akina baba tumejificha mno nyuma ya neno "mamaye". Wakati umewadia tutoke.