Ukienda mbele ya jopo, beba shida zako

Wasee, leo nina maoni ambayo najua baadhi yenu hamtayapenda. Yale mapitio ya kwanza ya maendeleo kwenye masomo ya uzamili au uzamifu, ile siku unaitwa mbele ya walimu watatu wanne ueleze umefika wapi, wengi wetu tunayaandalia vibaya. Si kwamba hatusomi. Tunasoma mpaka macho yanakuwa mekundu. Shida ni kwamba tunajiandaa kuonekana wajanja, na ile siku haikuwekwa kwa sababu hiyo.

Najua kwa sababu hata mimi nilienda hivyo.

Kwa wale bado mko digrii ya kwanza, au mko nyumbani mnaambiwa "rudi shule, kazi hakuna", wacha niwape picha. Uzamili wa utafiti una kimya kingi sana. Ukishamaliza zile kozi za darasani, hakuna mtihani wa kukuambia kama umepotea njia. Una mada yako, una wasimamizi, mara nyingi wawili, na una laptopu. Unaweza kaa miezi sita ukidhani unasonga, kumbe unazunguka raundabauti moja. Ndiyo maana idara hukuita mapema, kabla hujaenda nyanjani kukusanya data, kabla pesa haijaisha. Kosa ambalo sai unalifuta kwa kalamu, baada ya mwaka mmoja litakugharimu karo, nauli na usingizi.

Mada yangu ilikuwa mahindi. Najua haisikiki kama kitu cha kupigia luku, lakini ngoja. Kuna sumu inaitwa aflatoksini, inatokana na kuvu inayoota kwa nafaka ambayo haikukauka vizuri. Huioni, na kuchemsha githeri hakuiondoi. Mwaka wa 2004 iliwapata watu 317 huku kwetu Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mamangu anatoka Makueni. Kwa hivyo nikasema nitachunguza jinsi wakulima wanavyokausha na kuweka mahindi yao, nipime sumu kwa magunia yao, nione ni uhifadhi gani unasaidia. Viwango vyetu vinasema isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Nilitaka kujua ni magunia mangapi yamepita hapo.

Mada poa. Slaidi zangu zilikuwa poa zaidi. Nilikuwa na ramani ya rangi tatu, nukuu za wataalamu, na ratiba imepangwa kwa vijisanduku vya kijani. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Nilinunua hadi shati.

Lakini nilikuwa nimeficha vitu viwili. Cha kwanza, sikuwa na pesa ya kupima sampuli. Nilipanga kupima 120, na kwa bei ya maabara niliyopewa, pesa yangu ingeishia 40. Hilo pengo nililizika kwa bajeti chini ya mstari ulioandikwa "Mengineyo". Cha pili, sikuwa na uhakika wa ratiba yangu. Mimi nimelelewa Nairobi. Kwa shamba naenda Disemba, kula na kulala. Nilikuwa nimeandika kwamba nitakusanya mahindi mwezi wa Novemba kwa sababu Novemba ndiyo ilikuwa imebaki wazi kwenye kalenda yangu.

Siku ikafika. Nikaongea dakika kumi na tano bila kukwama. Nikajiona nimeiva. Halafu mwalimu mmoja mama, mtu mzima, akavua miwani akaniuliza, "Kijana, Novemba ghala la mkulima wa Makueni lina nini?"

Nikasema, "Lina mahindi, Prof."

"Ya lini?"

Manze, hapo ndipo nilichoma picha. Sikuwa na jibu. Akanieleza polepole kabisa. Ukambani, mvua ya kutegemewa ni ile fupi, inayoanza Oktoba. Novemba watu wako shambani, mahindi bado ni majani. Yale ya msimu uliopita mengi yameshaliwa au yameuzwa. Mavuno yenyewe ni Februari, Machi. "Ungefika huko," akasema, "ungepata magunia matupu na watu hawana muda na wewe."

Jioni nilimpigia nyanya yangu, sisi humwita susu. Nikamwambia nilikuwa nimepanga kuja kuangalia mahindi yake Novemba. Alicheka mpaka akakohoa. "Njoo tu," akaniambia, "utanisaidia kupalilia."

Fikirieni hiyo. Miezi sita ya kusoma majarida ya watu wa nje, na sikuwa nimempigia simu mtu mmoja anayelima. Kama jopo lingenipigia makofi siku ile, ningeenda nyanjani, nikose mahindi, nirudi na hadithi. Mwaka mzima ungeenda.

Baada ya kuchomeka hivyo, nikaona hakuna haja ya kuficha ile ya pesa. Nikaitoa. Nikasema, "Na pia bajeti yangu haitoshi, nimeificha kwa Mengineyo." Nilidhani watanifukuza. Badala yake wakaanza kuongea wao kwa wao jinsi ya kunisaidia! Mmoja akauliza kama kweli nahitaji sampuli 120. Mwingine akanikumbusha kitu nilikuwa nimesoma lakini sikukielewa: hii sumu haienei sawa gunia zima, punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Kwa hivyo ukichota mkono mmoja juu ya gunia hujapima kitu. Heri magunia machache, kila moja uchote sehemu nyingi, juu, katikati na chini, uchanganye, usage, halafu upime huo mchanganyiko. Bei ikashuka, na kazi ikawa bora kuliko ile ya mwanzo. Dakika tano. Ile siri nilikuwa nimelala nayo miezi mitatu.

Sasa niwaambie kuhusu mtu ambaye hakuja.

Tulianza pamoja, watu sita. Mmoja wetu, na huyo alikuwa mkali kunishinda, siku ya mapitio alituma ujumbe kwamba anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa ametuma sura yake ya kwanza kwa msimamizi na wiki zikapita bila jibu. Akaona aibu kwenda na karatasi ambazo hakuna aliyezisoma. Mapitio yaliyofuata akasema ana harusi ya binamu. Baadaye ikawa karo. Sai namba yake inaita tu.

Watu husema jopo humaliza wanafunzi. Huyu jopo halikumwona hata siku moja. Alimalizwa na kukaa kimya. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba shida yake ndiyo hasa ile siku ingeweza kuisaidia. Ukiwa wewe na msimamizi wako peke yenu, na hajibu, utafanya nini? Utatuma barua pepe ya nne? Lakini mbele ya jopo, ukisema kwa heshima, "Nilituma sura ya kwanza tarehe hii, bado nasubiri maoni," kuna watu wengine wamesikia. Inaandikwa. Si umbea huo, ni rekodi.

Najua mtaniambia kuna majopo mabaya. Ni kweli. Kuna walimu hucheka mwanafunzi, kuna wanaotumia slaidi zako kupigana vita vyao vya ofisini. Nimeona, na siwatetei. Mwalimu, ukinisoma: swali gumu ni zawadi, kicheko si zawadi. Ule mwaka ulimfanya mtu aogope kusema "sijui" ndio mwaka ulimpoteza. Lakini hata mbele ya jopo kali, mtu aliyeandika shida zake mwenyewe ni vigumu kumwaibisha. Utamfichulia nini na ameshasema?

Kwa hivyo kama mapitio yako ni mwezi ujao, ningejipanga hivi.

Kwanza, sema swali lako la utafiti kwa sentensi moja ambayo mama mboga wako ataelewa. Mwambie kweli, usimfikirie tu. Akikuuliza "kwa nini?" na ukakwama, hapo ndipo pa kufanyia kazi usiku huo.

Pili, andika ukurasa mmoja wenye sehemu tatu: nilichofanya, nilichosema nitafanya na sikufanya, na shida zangu tatu kubwa. Kando ya kila shida weka njia mbili unazofikiria. Ukienda na shida tupu utaonekana unalia. Ukienda na shida na njia mbili, unaomba ushauri, na walimu hupenda sana kushauri.

Tatu, ratiba yako ipitishe kwa watu wa huko unakoenda. Mvua, mavuno, mitihani ya shule, Ramadhani, uchaguzi, kila mahali pana kalenda yake na haikujui. Halafu kumbuka makaratasi. Utafiti unaohusu watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili, na leseni ya NACOSTI, na hiyo ya maadili ndiyo hutangulia. Usiandike "wiki moja" kwa vitu hivyo. Ukifika mashinani, pita kwa chifu kabla hujagonga mlango wa mtu.

Nne, bajeti isiwe na "Mengineyo" kubwa kuliko mistari mingine. Watu wazima wanajua hapo ndipo tunaficha maiti.

Tano, nenda na rafiki au omba mtu akuandikie maswali. Wewe ukiwa mbele utasikia nusu tu, moyo unadunda. Kisha ndani ya siku mbili tuma barua pepe kwa wasimamizi wako: mlisema hivi, nimeelewa hivi, nitafanya hivi kufikia tarehe hii. Hiyo barua moja itakuokoa siku mtu atakaposahau alichokwambia.

Na shati? Vaa tu. Shati halina shida.

Februari niliingia Makueni na mifuko yangu ya sampuli. Susu alikuwa ametandaza mahindi juu ya turubai, anayageuza na mguu, akaniuliza kama hao walimu wangu sasa wameniruhusu. Nikamwambia ndio. Akasema hata yeye angenieleza hayo bila karo.

Yule msee wetu bado nampigia. Kama unajua mtu kama yeye, aliyeanza uzamili na siku hizi hataki kuulizwa umefika wapi, usimwulize. Mwambie mwende pamoja hadi mlango wa idara, usubiri hapo nje.