Asilimia ndogo ya diploma isifunge mlango wa udaktari, lakini mwaka wa matayarisho usigeuke biashara

Kila mara matokeo ya mtihani wa Serikali, Exetat, yanapotangazwa, unga mweupe humwagwa vichwani mwa mafinalisti, kutoka Bunia hadi Uvira. Siku mbili tatu kisha, furaha inapungua na swali linabadilika. Watu hawaulizi tena kama mtoto amefaulu. Wanauliza: «Alipata pursa ngapi?» Kwa kijana anayetaka kuwa daktari, jibu la swali hilo linaweza kuamua maisha yake yote. Mwenye 70 anafungua milango bila shida. Mwenye 52 anaweza kuambiwa atafute fakilte nyingine, hata kama diploma yake ni halali sawa na ya mwenzake.

Ndipo linakuja wazo la mwaka wa matayarisho. Kijana asome kwanza kemia, biolojia na fizikia kwa mwaka mmoja, kisha apimwe tena. Je, alama za mwaka huo ziweze kuziba udhaifu wa diploma? Jibu linalofaa ni ndiyo, lakini kwa masharti. Bila masharti, wazazi watalipa mara mbili na wagonjwa ndio watabeba hasara.

Kwanza inafaa kuelewa asilimia hiyo inapima nini. Exetat ilianza mwaka 1967, na 50 kwa mia ndiyo mpaka wa kufaulu. Sehemu kubwa ya mtihani ni maswali yenye majibu tayari, ambapo mwanafunzi anachagua moja. Lakini wanafunzi wa sehemu mbalimbali hawafanyi mtihani mmoja. Aliyesoma biashara na kupata 68 hakujibu maswali sawa na aliyesoma kemia na biolojia na kupata 55. Mbele ya somo la anatomia au biokemia, wa pili anaweza kuwa ametayarishwa vizuri zaidi. Hata hivyo, mtu akisoma namba peke yake, wa kwanza ndiye anaonekana bora.

Kuna pia hali ya shule zenyewe. Mwanafunzi wa shule yenye laboratwari hakusoma kemia kama yule aliyeona chupa za dawa katika picha za kitabu tu. Huku mashariki, vita vimeongeza pengo hilo. Watoto wa Masisi, Rutshuru au Djugu wamehama katikati ya mwaka wa masomo, wengine zaidi ya mara moja. Mwaka 2025, mwezi wa kwanza na wa pili, vita vilifika Goma na kisha Bukavu, na madarasa yakafungwa. Asilimia ya mtoto aliyepita katika hali hiyo inaonyesha alivyokuwa siku za mtihani. Haionyeshi anaweza kufika wapi akipata mwaka mmoja wa utulivu.

Upande wa pili pia unajulikana. Malalamiko juu ya kunakili na juu ya pesa zinazotolewa ili kupata majibu hurudi karibu kila mwaka. Kwa hiyo kuna asilimia ndogo zinazoficha akili kubwa, na kuna asilimia kubwa zisizo na mtu nyuma yake. Fakilte inayoangalia namba ya diploma peke yake inaweza kukosea kwa pande zote mbili.

Nchi nyingine zilikutana na swali hili mbele yetu. Marekani, mtu anaingia shule ya udaktari kisha kumaliza digrii ya kwanza. Aliyemaliza na alama ndogo anaweza kuongeza mwaka mmoja au miwili ya masomo ya sayansi, kisha akaomba nafasi. Alama zake za zamani hazifutwi. Hata somo alilorudia linahesabiwa mara zote mbili katika faili linaloenda kwa shule nyingi za udaktari. Lakini alama za miaka ya ziada zinaonyeshwa pia kwenye mstari wake, ili wanaochagua waone kama mtu amepanda au amebaki palepale. Juu ya hayo kuna mtihani mmoja kwa wote, MCAT, ambao alama yake ya juu kabisa ni 528. Mtu mwenye alama nzuri za mwaka wa ziada lakini aliyeanguka katika mtihani huo bado atatiliwa mashaka. Na hata aliyefanya vyote vizuri hana ahadi ya nafasi.

Ubelgiji ya Kifaransa, ambako familia nyingi za Kongo zina watoto, iliweka mtihani wa kuingia udaktari mwaka 2017, na tangu 2023 mtihani huo ni wa ushindani kwa nafasi zilizohesabiwa. Ufaransa nayo, tangu 2020, ilifungua njia ya pili: mwanafunzi anasoma fani nyingine huku akichukua masomo ya afya, na anaweza kuomba kuingia udaktari. Asipopita, anaendelea na fani yake bila kupoteza miaka.

Kongo nayo ina mifano. Watu wa uhandisi wa Kinshasa wanaujua mwaka wa matayarisho wanaouita prepoli. Na Daktari Denis Mukwege, kisha kumaliza sekondari Bukavu, alianza na masomo ya uhandisi Kinshasa mbele ya kuingia udaktari Burundi. Habari yake haihusu alama ndogo. Inaonyesha tu kwamba mtu anaweza kupita kwanza mahali pengine na akawa daktari ambaye dunia ilimpa Nobel mwaka 2018.

Wanaokataa wana hoja nzito, na haifai kuidharau. Mtoto wa kilo 8 hapewi kipimo cha dawa cha mtoto wa kilo 18. Asiyeweza kufanya hesabu hiyo saa nane za usiku, umeme ukiwa umekatika na mama analia pembeni, anaweza kuua. Wanasema pia kwamba fakilte tayari zimejaa, na kwamba wanafunzi wa staji wanasongamana kumi na zaidi kando ya kitanda kimoja cha mgonjwa. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini namba ya diploma haiwezi kuitibu. Inatibiwa na mtihani mkali mlangoni na mtihani mkali kila mwaka, kwa wote, pamoja na wale walioingia na 75.

Ndiyo sababu masharti ni ya lazima. La kwanza: chuo kinachopokea pesa za mwaka wa matayarisho kisiwe peke yake katika kutunga na kusahihisha mtihani wa mwisho. Bukavu kuna UCB, UEA na UOB. Goma kuna UNIGOM na ULPGL. Butembo kuna UCG. Kisangani kuna UNIKIS. Fakilte hizi zinaweza kukubaliana juu ya mtihani mmoja, karatasi zikasahihishwa bila majina, na matokeo yakabandikwa wazi.

La pili: masomo yawe yale yanayohitajika, yaani kemia, biolojia, fizikia, hesabu, na Kifaransa pia, sababu vitabu na masomo ya udaktari viko katika lugha hiyo. La tatu: hesabu ya nafasi itangazwe mbele ya wazazi kulipa, na ilingane na vitanda vya hospitali na maprofesa waliopo. Kupokea vijana 300 katika matayarisho ukijua nafasi ni 40, bila kuwaambia, ni udanganyifu.

La nne ndilo linalosahaulika zaidi: asiyepita asirudi nyumbani mikono mitupu. Tangu mageuzi ya LMD yaliyoanza mwaka wa masomo 2021-2022, masomo yanahesabiwa kwa kredi. Kredi za mwaka wa matayarisho zikubaliwe katika ISTM, kwa uuguzi, laboratwari au afya ya jamii, na katika fakilte za sayansi. Na muuguzi wa A1 aliyefanya kazi vizuri miaka kadhaa naye awe na njia ya kuomba udaktari kupitia mtihani uleule.

Kwa sasa, wazazi wajilinde. Mbele ya kuuza ng'ombe au kipande cha shamba, waulize chuo maswali manne: wangapi walianza mwaka huu wa matayarisho mara ya mwisho, wangapi waliingia udaktari, nani anasahihisha mtihani, na kredi zitatambuliwa wapi kama mtoto hapiti? Chuo kinachokasirika juu ya maswali hayo kimekwisha kujibu.

Kuteleza si kuanguka. Kijana aliyepata 52 akiwa na miaka 18 ana haki ya kupimwa tena. Mgonjwa atakayelala mbele yake miaka kumi ijayo naye ana haki ya kujua kwamba kipimo hicho hakikununuliwa.