FOLENI YA SIMU: MLALAHOI ANAKESHA, MLANGUZI ANAVUNA!

VIJANA wa mjini, leo tuambizane ukweli, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kila Septemba televisheni hutuonyesha sinema ile ile. Watu wamekesha nje ya duka la vioo, huko Ulaya, Asia au Marekani. Asubuhi mlango unafunguliwa, wauzaji wanapiga makofi, mteja wa kwanza anatoka na boksi amelinyanyua juu kama Kombe la Dunia. Mtangazaji anacheka: dunia imepagawa kwa simu mpya!

Vijiweni nako kuna kambi mbili. Moja inacheka: "Wenzetu hao wameshiba." Nyingine inameza mate: "Laiti ningekuwepo!" Kambi zote mbili zimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiona foleni, usihangaike kuhesabu waliomo. MTAFUTE ASIYEKUWEMO. Mara nyingi huyo ndiye mwenye foleni.

Twende Beijing, China. Tarehe 13 Januari 2012 kampuni ya Apple ilikuwa ianze kuuza iPhone 4S nchini humo. Nje ya duka lake la Sanlitun watu walikesha katika baridi ya kugandisha maji. Kukakucha. Saa ya kufungua ikafika, ikapita, mlango kimya. Kisha wakatangaziwa kwamba siku hiyo duka halifunguliwi. Umati ukachachamaa, mayai yakarushwa kwenye vioo, polisi wakaingia kuwatawanya watu. Kampuni ikasimamisha kwa muda uuzaji wa simu hiyo katika maduka yake ya Beijing na Shanghai, ikisema inajali usalama wa wateja na wafanyakazi.

Dunia ikacheka: Wachina wamerukwa na akili kwa ajili ya simu!

Lakini akina nani walikuwa pale? Wengi walikuwa vibarua waliotoka vijijini kutafuta riziki mjini, wamekodiwa na walanguzi. Wachina wana jina lao kwa walanguzi hao: huangniu, yaani ng'ombe wa njano. Kwa kuwa duka huweka kikomo cha simu kwa kila mteja, mlanguzi anahitaji vichwa vingi. Anakwenda kukodi vichwa kwa walalahoi. Wao wanasimama, wao wanatetemeka, wao wanasukumana na polisi. Yeye anasubiri pembeni akusanye maboksi, ayauze kwa bei ya kuruka.

Na ujira? Taarifa za siku zile zilitaja yuani 100 hivi kwa kichwa. Simu yenyewe, ile ya bei ya chini, iliuzwa yuani 4,988. Piga hesabu, kijana. Kibarua yule angehitaji kukesha kwenye baridi usiku 50, bila kula wala kulipa kodi ya chumba, ndipo apate simu anayompangia foleni mwenzake. Huyo ndiye mpenda anasa? Huyo ndiye aliyepagawa? Ile haikuwa foleni ya simu. Ilikuwa FOLENI YA KIBARUA.

Sasa mtazameni mwingine asiyekuwemo: aliyeiunda simu. Septemba 21 mwaka huo huo wa 2012 ikatoka iPhone 5, foleni zikapangwa tena katika miji mikubwa. Siku mbili baadaye, usiku wa Septemba 23, ghasia zililipuka katika mabweni ya kiwanda cha Foxconn mjini Taiyuan, China. Foxconn ndiyo inayoiundia Apple simu zake. Wafanyakazi wapatao 2,000 walihusika, watu 40 wakapelekwa hospitali, kiwanda kikafungwa kesho yake. Kampuni ilisema ni ugomvi binafsi wa wafanyakazi. Wafanyakazi wakalalamikia ubabe wa walinzi.

Na kesho yake hiyo, Septemba 24, Apple ilikuwa na habari gani kwa dunia? Ilitangaza kwamba imeuza zaidi ya simu milioni 5 katika siku 3. Siku moja, habari mbili. Mnadhani ni ipi iliyopata picha kubwa?

Msiseme hayo ni ya kale. Septemba 19, 2025, iPhone 17 ilipoanza kuuzwa India, vijana walisukumana na kukunjana mashati nje ya duka la Apple la Bandra Kurla mjini Mumbai, walinzi wakawatenganisha kwa nguvu. Wakati huo milango ya kuagiza simu hiyo kwa njia ya intaneti ilikuwa imefunguliwa tangu wiki moja kabla. Simu ni ile ile, na bei ni ile ile. Kilichogombewa pale ni kuonekana wa kwanza. Mtu anararuliwa shati lake kwa sifa ya siku mbili!

Wazee wetu wanaijua foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa Tanzania sukari na sabuni viliadimika, watu wakapanga mistari madukani tangu alfajiri. Mwaka 1983 serikali ikawatangazia walanguzi vita, sheria ya uhujumu uchumi ikapitishwa, watu wakawekwa ndani. Uhaba ule ulikuwa wa kweli, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Huu wa simu mpya ni uhaba wa majuma machache tu, kisha maboksi yanajaa mpaka vichochoro vya Kariakoo. Hata kama hakuna aliyeficha boksi moja stoo, foleni ile ni tangazo la bwerere kwa mwenye duka. Halipii senti, na televisheni za dunia nzima zinamrushia. Mlanguzi wa sukari tulimwita mhujumu. Huyu wa leo tunampigia makofi!

Sisi nasi tulipata foleni yetu ya simu, ila haikuwa ya kununua. Mwishoni mwa 2019 na Januari 2020 Watanzania walijazana ofisi za NIDA kutafuta vitambulisho, ili wasajili laini kwa alama za vidole zisije zikafungwa. Tarehe ya mwisho ilisogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20. Mama muuza mboga aliacha genge, dereva wa bodaboda akaacha abiria, wakasimama juani. Nauliza: ni nani kati yenu aliyemwona kigogo kwenye mstari ule?

Hapo ndipo penye mchezo. Wakubwa walioshiba wanapenda kutuhubiria: vijana wa siku hizi wavivu, wanataka simu za bei mbaya. Danganya toto! Kwa kijana wa mjini simu ni jembe. Bodaboda anaitwa na abiria kwa simu, fundi anapata kazi kwa simu, machinga anapokea malipo kwa simu. Jembe hilo halihitaji kuwa la Septemba hii.

Kwa hiyo, kijana wa Manzese, wa Buguruni, wa Mbagala, nakuomba mambo mawili. La kwanza, usikubali kupimwa utu wako kwa simu. Anayekudharau kwa simu yako ya kuchubuka anafanya kazi ya mlanguzi bila mshahara. Ukikopa ili umridhishe, deni ni lako, faida ni ya mwenye duka.

La pili, usimcheke aliyekesha Sanlitun. Uliza kwa nini kijana mwenye nguvu zake hakuwa na kazi nyingine usiku ule isipokuwa kusimama kwenye baridi kwa niaba ya mwenye pesa. Ukishauliza hivyo, geuka uwaulize wakubwa wa hapa swali hilo hilo: KAZI IKO WAPI? Usikubali wakujibu kwa mahubiri kuhusu anasa.